Zawadi Zenye Kwao: Mwongozo wa Kununua Vyakula na Kazi za Mikono za Mikoa ya Japani

Japani ina mikoa 47, na ni vigumu kuupata hata mmoja usio na kitu chake: biskuti, chai, tambi, kisu, bakuli au kitambaa. Mjapani akisafiri hata siku mbili ndani ya nchi yake hurudi na boksi la kitu cha huko alikokwenda, awagawie jamaa na wenzake kazini. Desturi hiyo huitwa omiyage. Kwa sababu yake, kila kituo kikubwa cha treni kina maduka yaliyojaa bidhaa za eneo lile, zimefungwa vizuri na mwisho wa kuliwa kwake umeandikwa.

Msafiri wa kwetu naye harudi mikono mitupu. Iwe umekwenda kwa masomo, mafunzo, biashara au matembezi, nyumbani kuna watu wanaokungoja, na sanduku lina kilo zake. Shauri langu kuu ni moja: nunua kitu chenye kwao, na kiwe kitu kitakachopata kazi katika nyumba kinakokwenda. Sumaku ya kubandika kwenye friji inapatikana kila mji duniani. Kisu cha Sakai au chai ya Uji kitatumika kila siku, na kila kikishikwa kitamkumbusha mwenyewe ni nani aliyekileta.

Anza na watu, ndipo uende dukani

Andika majina kwanza. Pembeni ya kila jina jibu maswali matatu. Je, mtu huyu atakitumia kitu hiki? Je, kitavumilia safari, ambayo kwa wengi hupitia Dubai, Doha au Addis Ababa na kumaliza siku nzima au zaidi? Na je, kinatoka hapa nilipo? Kwa swali la tatu, geuza bidhaa uangalie kama imeandikwa 日本製, yaani imetengenezwa Japani. Katika maduka ya bei rahisi na maduka ya watalii, vitu vingi vyenye sura ya Kijapani vimetoka nchi nyingine.

Mahali pa kununulia

Pazuri kuliko pote ni pale kitu kinapotengenezwa. Ukipita barabarani, simama kwenye vituo vinavyoitwa michi-no-eki. Viko zaidi ya 1,200 nchi nzima, na wakulima na wasindikaji wa jirani huuza humo mazao yao: chai, unga, achari, viungo, uyoga mkavu.

Ukisafiri kwa treni, maduka ya stesheni za Kyoto, Sendai, Hiroshima na Hakata yatakutosha kwa vitafunio. Boksi huandikwa idadi ya vipande vilivyomo, na mara nyingi kila kipande kina karatasi yake, jambo linalorahisisha kugawa ofisini au msikitini. Ghorofa ya chini ya ardhi ya maduka makubwa ya mjini, iitwayo depachika, ina vyakula vya hali ya juu, na pengine utaonjeshwa kabla ya kununua.

Kama safari yako inaishia Tokyo, usikate tamaa. Mikoa mingi imefungua maduka yake katika mitaa ya Ginza, Yurakucho na Nihonbashi. Jengo la Kotsu Kaikan, lililo jirani na stesheni ya Yurakucho, lina maduka kadhaa ya namna hiyo, likiwemo la Hokkaido.

Kwa kazi za mikono, nenda Aoyama Square huko Tokyo. Duka hili linauza bidhaa zinazotambuliwa na serikali kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1974 ya kulinda ufundi wa jadi. Ili kitu kitambuliwe, sharti kiwe cha matumizi ya kila siku, sehemu kuu ya kazi ifanywe kwa mkono, na mbinu na malighafi ziwe zimedumu miaka 100 hivi mahali palepale. Aina zilizokwisha kutambuliwa ni zaidi ya 240. Uwanja wa ndege uwe wa mwisho, kwa maboksi ya biskuti tu.

Vyakula vinavyofika salama

*Chai.* Hii ndiyo zawadi nyepesi na ya uhakika kuliko zote. Shizuoka na Kagoshima ndiyo mikoa inayoongoza kwa mavuno. Uji, karibu na Kyoto, inasifika kwa matcha. Yame, mkoani Fukuoka, kwa chai ya kivuli iitwayo gyokuro. Mweleze unayempa kwamba chai ya kijani haichemshwi sufuriani. Maji yaachwe yapoe hadi nyuzi 70 au 80, majani yakae humo dakika moja hivi, kisha imiminwe yote. Ikiunguzwa kwa maji yanayotokota inakuwa chungu, na mtu ataiona haifai. Kwa wazee waliozoea chai ya maziwa, chukua hojicha, yaani chai iliyokaangwa, ambayo hukubali maziwa na sukari. Kanazawa ina aina yake, inayotengenezwa kwa vijiti vya mchai. Matcha ni unga mwororo unaoharibiwa na joto, mwanga na hewa: nunua makopo madogo, na kopo likifunguliwa litumike ndani ya wiki chache.

*Vitamu.* Joto la Dar es Salaam au Mombasa ndilo hakimu hapa. Biskuti maarufu za Hokkaido zenye chokoleti nyeupe katikati zinapendwa na watoto, ila zikiachwa garini mchana zinayeyuka. Kinachostahimili zaidi ni yokan, kipande kigumu cha maharage madogo mekundu, sukari na kanten, ambayo hutokana na mwani. Hakina maziwa wala jelatini, hakiyeyuki, na kikiwa kimefungwa kiwandani hudumu miezi mingi. Mji wa Ogi, mkoani Saga, unajulikana kwa hicho. Kwa watu wa Pwani na Visiwani, peleka yatsuhashi ya Kyoto, biskuti ngumu za unga wa mchele na mdalasini. Harufu yake wataitambua mara moja. Chukua zile zilizookwa. Zile laini zenye maharage ndani ni tamu, lakini siku zake ni chache. Sukari guru ya Okinawa, iitwayo kokuto, huuzwa vipande vipande na inafaa chai, uji na kahawa chungu.

*Vya baharini.* Mwani wa nori wa Bahari ya Ariake, huko Kyushu, ni mwepesi kama karatasi; utunze kwenye mkebe usioingiza unyevu. Kombu, mwani mpana na mzito, sehemu yake kubwa hutoka Hokkaido. Kipande kimoja kikilowekwa usiku kucha kinatoa maji matamu ya supu, na kikitiwa chunguni pamoja na maharage kinasaidia kuyalainisha. Kwa familia za Zanzibar zinazolima mwani na kuuza nje, hii ni nafasi ya kuonja jinsi watu wengine wanavyoula. Katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akakaushwa kwa moshi, kisha akakwanguliwa vipande vyembamba, hutoka hasa Makurazaki mkoani Kagoshima na Yaizu mkoani Shizuoka. Nunua pakiti ndogondogo.

*Tambi.* Tambi nene za udon za mkoa wa Kagawa na nyembamba za somen za Miwa, mkoani Nara, au za Hyogo, huuzwa zikiwa kavu. Somen huiva kwa dakika moja au mbili, na zinafaa sana kwa futari. Hakikisha umechukua kavu, maana zile mbichi za kwenye friji hazitafika.

*Viungo na achari.* Yuzu kosho ya Kyushu husagwa kwa maganda ya tunda la yuzu lililo jamii ya ndimu, pilipili na chumvi. Kwa samaki wa kuchoma na mishikaki haina mpinzani. Plamu za chumvi za Wakayama, umeboshi, zitawafurahisha wapenda achari ya embe na ndimu. Zilizotengenezwa kikale kwa chumvi nyingi hudumu muda mrefu kuliko za asali. Hatcho miso ya Okazaki, mkoani Aichi, ni rojo jeusi la soya na chumvi lililokaa kwenye mapipa ya mbao kwa miaka miwili au zaidi, limekandamizwa kwa rundo la mawe. Kijiko kimoja kinatosha kubadili mchuzi wa nyama.

Mchanganyiko wa viungo saba, pilipili ikiwa kimojawapo, uitwao shichimi, unauzwa kwenye vikopo vizuri. Nyumba ya Yawataya Isogoro, karibu na hekalu la Zenkoji huko Nagano, imekuwa ikiutengeneza tangu 1736. Hapa kuna tahadhari kubwa. Michanganyiko mingi ya shichimi ina mbegu za katani (麻の実) au za mpopi (けしの実). Mbegu za mpopi zimepigwa marufuku Falme za Kiarabu. Ukipitia Dubai au ukiwa unaishi Ghuba, acha shichimi na uchukue ichimi, ambayo ni pilipili tupu.

Jifunze maandishi machache ya pakiti

Huhitaji kujua Kijapani ili kununua kwa usalama. Piga picha orodha hii uwe nayo kwenye simu:

- 賞味期限: tarehe ya ubora. Baada yake chakula hupungua ladha.
- 消費期限: mwisho wa kuliwa. Ikipita, kisiliwe.
- 要冷蔵: lazima kikae kwenye friji. Kirudishe rafuni.
- 豚: nguruwe. ラード: mafuta ya nguruwe. ゼラチン: jelatini.
- 酒: pombe ya mchele. みりん: pombe tamu ya kupikia. 洋酒: pombe za kizungu, zinazotiwa kwenye keki na chokoleti. 酒精: alkoholi, inayoongezwa kwenye miso na sosi ya soya ili zisiharibike.

Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Mahali pengine mwaka huhesabiwa kwa enzi ya Reiwa, ambayo mwaka wake wa kwanza ni 2019. Hivyo Reiwa 8 ni 2026.

Kwa Waislamu, maneno ya nguruwe na pombe ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Chinsuko, biskuti za Okinawa zinazovutia kwa bei na sura, kwa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Vipande vya kupikia mchuzi wa kari vya Kijapani mara nyingi vina mafuta ya wanyama, na tambi za rameni za pakiti nyingi zina nguruwe. Chai, nori, kombu, tambi kavu, sukari guru na yokan ya kawaida havina utata mkubwa, lakini soma hata hivyo. Usipoelewa, tumia programu ya simu inayotafsiri picha, au mwonyeshe muuzaji maandishi haya na umuulize kama yamo.

Kazi za mikono: chagua kwa matumizi

*Visu.* Sakai, karibu na Osaka, ni mji wa visu vya wapishi wenye kazi yao. Seki mkoani Gifu na Echizen mkoani Fukui nako kuna wahunzi hodari. Kwa jiko la nyumbani omba santoku, kisu cha mboga, samaki na nyama. Swali la kumuuliza muuzaji ni la chuma. Chuma cha kaboni kinanoleka vizuri sana, lakini hushika kutu upesi, na hewa ya chumvi ya Tanga, Lamu au Unguja haitakihurumia. Kwa mtu wa pwani nunua kisichoshika kutu. Visu vya jadi vyenye makali upande mmoja hutengenezwa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo mwenye kutumia mkono wa kushoto aseme mapema.

*Birika za chuma.* Morioka na Oshu, mkoani Iwate, husubu chuma cha Nambu. Zipo za namna mbili zinazofanana kwa sura. Ile isiyopakwa kitu ndani inawekwa motoni na kuchemsha maji. Ikishatumika imwagwe maji yote na ikauke ingali moto, isishike kutu. Ile iliyopakwa rangi ngumu ya kung'aa ndani ni ya kutengea chai tu, haiwekwi motoni kamwe. Uliza kabla ya kulipa, na umwambie unayempa.

*Vyombo vya kaure na udongo.* Arita, mkoani Saga, ndiko kaure ya Japani ilikoanzia, mwanzoni mwa karne ya 17, na ilisafirishwa duniani kupitia bandari ya Imari. Kila mwaka mji huo huwa na soko kubwa la vyombo kuanzia Aprili 29 hadi Mei 5. Hasami, jirani yake, hutengeneza vyombo vya kila siku kwa bei nafuu zaidi. Ukipenda udongo mzito wenye sura ya ardhi, tafuta Bizen mkoani Okayama au Mashiko mkoani Tochigi. Kumbuka kwamba seti za Kijapani aghalabu huwa za vyombo vitano. Kama nyumbani mnahitaji sita, nunua kimoja kimoja.

*Vyombo vya urushi.* Mabakuli ya Wajima, mkoani Ishikawa, hupakwa utomvu wa mti mara nyingi mno, na chini ya rangi huwekwa unga wa udongo uliochomwa ili yawe imara. Mji huo ulibomolewa na tetemeko la Januari 1, 2024, na moto ukateketeza eneo la soko lake la asubuhi. Kununua kazi ya Wajima leo ni kuwashika mkono mafundi wanaojijenga upya. Bei yake ni kubwa, na vya plastiki vinavyofanana navyo vimejaa sokoni, hivyo soma kibandiko: 漆 ni utomvu wenyewe, 天然木 ni mbao halisi, ウレタン na 合成樹脂 ni rangi ya kiwandani na plastiki. Bakuli halisi halioshwi kwa mashine, haliingii maikrowevu, na lisiachwe juani.

*Vitambaa.* Japani iliwahi kuchapisha kanga kwa wingi na kuzileta Afrika Mashariki, kwa hiyo jicho la mama zetu litajua kupima kazi hii. Tenugui ni kitambaa chembamba cha pamba, kama sentimita 35 kwa 90, ambacho pindo zake huachwa bila kushonwa ili kikauke upesi. Furoshiki ni kitambaa cha mraba cha kufungia vitu, nawe waweza kukifungia zawadi nyingine. Tokushima hutia nguo rangi ya nili kwa majani ya mmea. Nguo hizo zifuliwe peke yake mwanzoni. Taulo za Imabari, mkoani Ehime, zinafyonza maji vizuri na zinafaa sana kwa bibi harusi.

*Vitu vidogo.* Kumano, mkoani Hiroshima, hutengeneza brashi nyingi za Japani, zikiwemo za vipodozi. Uliza nywele ni za mnyama gani, au chukua za kutengenezwa kiwandani. Hakone ina visanduku vya mbao vilivyopambwa kwa vipande vya rangi za asili za miti, vingine hufunguka kwa siri ya hatua kadhaa, watoto hawatavichoka. Wanasesere wa mbao wa Naruko, mkoani Miyagi, hulia shingo zikizungushwa, ila kwa nyumba isiyoweka sanamu peleka kisanduku cha Hakone. Karatasi za mkono za Mino au Echizen zinafaa kwa mwalimu, mwandishi na mchora hati.

Vitu vya kuviacha

Usinunue pembe za ndovu. Japani bado kuna maduka yanayouza mihuri ya pembe kihalali, lakini biashara ya kuvuka mipaka imezuiwa kimataifa, na sisi tunajua tembo wetu walivyomalizwa. Kenya ilichoma tani 105 za pembe Aprili 2016 kuonyesha msimamo wake. Ukitaka muhuri wenye jina lako, omba wa mbao. Usinunue pia mapambo ya gamba la kasa, yanayouzwa Nagasaki; kasa ng'amba naye amelindwa.

Acha matunda mabichi, mbegu, mimea na udongo, ambavyo vinahitaji cheti cha afya ya mimea. Acha nyama na bidhaa zake. Mayai ya samaki yenye pilipili ya Fukuoka ni matamu, ila yanataka baridi njia nzima: yale hukohuko.

Kodi, mizigo na forodha

Kodi ya matumizi ni asilimia 10, na asilimia 8 kwa chakula. Mgeni wa muda mfupi anasamehewa akinunua kuanzia yeni 5,000, kabla ya kodi, katika duka moja kwa siku moja, akiwa na pasipoti. Kuanzia Novemba 1, 2026, utaratibu ni wa kulipa kodi kwanza dukani, kisha kurudishiwa baada ya forodha kuthibitisha kwamba unaondoka na bidhaa. Kwa hiyo wahi uwanja wa ndege, na vitu viwe tayari kuonyeshwa.

Visu viingie kwenye begi linalokabidhiwa, vikiwa na ala au karatasi ngumu. Miso, yuzu kosho, sosi na umeboshi navyo viingie humo, kwa sababu walinzi huhesabu rojo kuwa kimiminika, na hata kama umepita Narita utakaguliwa tena unapobadili ndege. Kaure izungushiwe nguo zako na ikae katikati ya sanduku. Birika ya chuma ni nzito, ipime kabla.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019. Omba mfuko wa karatasi au funga kwa furoshiki. Weka risiti zote pamoja, na uulizwapo na ofisa wa forodha, sema kweli ulichobeba.

Mgao

Ofisini peleka boksi moja la biskuti zenye karatasi zake. Majirani, pakiti za chai au nori. Mama mzazi na mama mkwe, taulo za Imabari au vyombo vya Hasami. Anayependa kupika, kisu kimoja kizuri. Mwenyeji aliyekutunzia nyumba, kitu kimoja cha fundi chenye jina la mji wake. Na kila zawadi iandikie kijikaratasi cha Kiswahili: inatoka wapi, inatumikaje, iishe lini.

Ukibanwa na fedha au kilo, punguza idadi, usipunguze ubora. Nunua vichache vya kweli, uwaulize waliovitengeneza, na ukifika nyumbani kaa na watu wako uwapikie na uwatengee hiyo chai mwenyewe mara ya kwanza.